Rege Haikuzikwa na Bob

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya wapenzi wa muziki mjini Arusha. Salamu ndefu za kukaribishana nimezikata. Mengine nimeyaacha karibu na yalivyotamkwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na spika, habari za jioni.

Nilipomwambia jirani yangu kwamba nakuja kuzungumzia rege ya mizizi, ile yenye mahubiri ya Kirasta, kama inavyopigwa siku hizi, alicheka. "Ya siku hizi ipi? Rege si ilikufa na Bob?" Simlaumu. Tazameni magari yetu ya abiria: nyuma sura ya Bob Marley, ubavuni Lucky Dube, kwenye kioo Mfalme Haile Selassie. Wote marehemu. Bob alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981. Lucky Dube aliuawa kwa risasi Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007. Mtu ambaye rege yake yote ameipata kwenye stika ana haki ya kudhani huu ni muziki wa matanga.

Lakini Januari 2020, binti wa Spanish Town, Jamaika, aitwaye Mikayla Simpson, ambaye vijana mnamjua kwa jina la Koffee, alitunukiwa Grammy ya albamu bora ya rege kwa kazi yenye nyimbo tano tu. Alikuwa na miaka 19. Hakuna mwanamke aliyewahi kuichukua kwa jina lake mwenyewe kabla yake, wala mtu mwenye umri mdogo kama ule. Februari 2023 tuzo hiyohiyo ikaenda kwa Keron Salmon, anayejiita Kabaka Pyramid. Ndiyo, Kabaka, cheo kilekile cha mfalme wa Buganda. Kwa hiyo kuna watu wako hai na wanafanya kazi, na jioni ya leo nataka tuwasikilize wao.

Hoja yangu ni hii. Wazee wa rege walipigana na Babeli, yaani mfumo wa wakubwa unaowakandamiza wanyonge, iliyowakunjia ngumi. Hawa wa sasa wanakabiliana na Babeli inayowapigia makofi, na kwa maoni yangu hiyo ni kazi ngumu zaidi kwa msanii.

Nitafafanua, ila kwanza tusikie, maana kuieleza rege bila kuipiga ni kumsimulia mtu pilau. Nyoosheni mikono. Tuhesabu polepole: moja, mbili, tatu, nne. Katika muziki mwingi tuliouzoea, ngoma kubwa hukanyaga kwenye moja. Sasa hiyo moja iacheni tupu. Msipige kitu. Pigeni kofi kwenye tatu peke yake. (Raundi ya kwanza nusu ya ukumbi ilipiga kwenye moja, kikawa kicheko. Raundi ya nne tukaelewana.) Hapo kwenye tatu ndipo ngoma kubwa ya dramu inaposhuka pamoja na kijiti cha mkono wa kushoto. Gita linakata kwenye mbili na kwenye nne, fupi na kavu. Kinanda kinachemka chinichini katikati yao. Na besi, ambayo kwenye muziki mwingine hutumwa kusindikiza, hapa ndiyo inayobeba wimbo. Mkifika nyumbani, pigeni wimbo wa Kabaka Pyramid, halafu wa Burning Spear wa miaka ya 1970, mhesabu vilevile. Mtakuta ile moja iko tupu mara nyingi katika zote mbili.

Chini ya dramu hiyo kuna ngoma tatu za wazee wa Kirasta: ngoma kubwa, funde na ripita. Ibada zinakopigwa huitwa Nyabinghi. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu hili limetoka huku kwetu Maziwa Makuu.

Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na ng'ambo ya mpaka kaskazini mwa Rwanda, kulikuwa na roho ya kike iliyoitwa Nyabingi. Watu waliiendea kwa shida zao, na waliosema kwa niaba yake walikuwa wanawake wengi. Mmoja wao, Muhumuza, aliongoza upinzani dhidi ya Wazungu mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1911 na kumweka kizuizini Kampala, alikokaa hadi kufa. Jina hilo lilifikaje Jamaika? Kwa gazeti, tena kwa habari ya uongo. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Uhabeshi, na propaganda ikatengenezwa kuwatia Wazungu hofu: kwamba kuna chama cha siri cha watu weusi kiitwacho Nya-Binghi, mkuu wake Haile Selassie, na lengo lake ni kuwaangamiza Wazungu duniani. Desemba 1935 gazeti la Jamaica Times likaichapa. Iliyokusudiwa kutisha ikawafurahisha Marasta wa Kingston, waliomwona Selassie kuwa Mungu. Kumbe tuna jeshi! Wakalichukua jina, wakaliweka kwenye ngoma zao, na halijaondoka. Nikifikiria mzunguko huo, kutoka vilima vya Kigezi hadi ofisi za propaganda Ulaya hadi uani kwa maskini wa Kingston, huwa nacheka peke yangu.

Historia ya katikati tuipitie mbiombio. Mwaka 1985 Wayne Smith na prodyuza King Jammy walitoa wimbo uitwao "Under Mi Sleng Teng", ambao mdundo wake ulitoka kwenye kinanda kidogo cha Casio, MT-40. Mdundo wenyewe ulikuwa tayari umehifadhiwa ndani ya kile kinanda na mfanyakazi wa Casio, mwanamke wa Kijapani, Okuda Hiroko, ambaye naye alikuwa mpenzi wa rege tangu chuoni. Ukibonyeza, wimbo unaanza. Bendi ya watu sita ikageuka sanduku moja la plastiki la kubeba kwapani. Dansiholi, mtoto wa rege anayepigwa kwa mashine, ikashika mji, na wapiga besi wengi wakakosa kazi. Miaka ya 1990 mizizi ilichipua tena kwa Garnett Silk, aliyefariki Desemba 1994 kwenye moto, kisha kwa Luciano, Buju Banton, Sizzla na Capleton. Kizazi hicho kilikuwa na sauti kubwa na kilihubiri kwa moto: mchome huyu, mchome yule. Baadhi ya waliotakiwa kuchomwa walikuwa watu wanyonge tu, na mimi sehemu hiyo siwezi kuitetea.

Halafu tukafika 2010. Mwezi Mei mwaka huo, askari na polisi waliingia mtaa wa Tivoli Gardens, Kingston, kumsaka Christopher Coke aliyetakiwa na Marekani. Raia zaidi ya 60 waliuawa. Nchi ilikuwa na deni lililozidi pato lake lote la mwaka. Katika hali hiyo vijana waliokwishachoka wakaanza kurudi kwenye ala. Protoje, Chronixx na bendi yake Zincfence Redemption, Jah9, Kabaka Pyramid, Jesse Royal, bendi ya Raging Fyah. Jumapili usiku walikutana kwenye kilima juu ya Kingston, pale Kingston Dub Club ya Gabre Selassie, ambako santuri za dabu, yaani rege iliyovuliwa sauti ikabakizwa dramu, besi na mwangwi, zilipigwa kwenye maspika makubwa, na chini yako unaona taa za mji mzima. Mwandishi mmoja wa kwao, Dutty Bookman, akaliita vuguvugu hilo uamsho wa rege.

Sasa nirudi kwenye makofi ya Babeli.

Wazee walipoimba Babeli walimaanisha kitu chenye anwani. Jina walilitoa kwenye Zaburi ya 137, wale mateka walioketi kando ya mito wakilia walipoikumbuka Sayuni, lakini maana yake Kingston ilikuwa polisi, mahakama, benki, na shule iliyomfundisha mtoto mweusi kwamba historia yake inaanzia melini. Aprili 1963, baada ya vurugu za Coral Gardens karibu na Montego Bay, Marasta walikamatwa ovyo, wakapigwa, wakakatwa nywele. Peter Tosh, mwenzake Bob katika kundi la Wailers, alipigwa na polisi mwaka 1978 nusura afe. Ukiwa na adui wa namna hiyo, nusu ya wimbo umekwishaandikiwa.

Hawa wa sasa je? Mwaka 2015 sheria ya Jamaika ilibadilishwa, na Marasta wakaruhusiwa kutumia bangi katika ibada yao. Mwaka 2017 Waziri Mkuu Andrew Holness aliomba radhi kwa yale ya Coral Gardens. Novemba 2018 UNESCO, ikikutana Port Louis, Morisi, iliiandika rege katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Januari 2025 Rais Biden, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, alimsamehe Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi kurudi Afrika, aliyehukumiwa Marekani mwaka 1923. Sura ya Bob iko kwenye kila bidhaa ya watalii. Babeli imejifunza viitikio vyote na inaviimba kwa sauti nzuri.

Wapo wanaosema basi vita imekwisha. Wanamuziki hawa wanaona kwamba imehamia mahali pengine, nami niwaonyeshe wanakopiga.

Kabaka Pyramid kwenye wimbo wake "Well Done" hamtukani mwanasiasa. Anampongeza. Hongera sana mheshimiwa, umeibomoa nchi vizuri, kazi safi. Wapenzi wa taarabu humu ndani mnaijua silaha hii: unamsifu mtu mpaka anatamani ungemtusi. Matusi ya kawaida mheshimiwa ameshayazoea, hata ana watu wa kuyajibu. Pongezi kama hizi hana pa kuzipeleka. Protoje naye, kwenye "Blood Money" ya mwaka 2017, anaeleza jinsi polisi wanavyovunja milango ya mitaa ya chini lakini kule vilimani kwa wenye nazo hawathubutu kugonga. Huo ni wimbo wa hasira, ila hasira yake imetulia na inataja mambo kwa majina yake.

Chronixx, kwenye "Capture Land" ya mwaka 2014, anafanya jambo ninaloliheshimu zaidi. Jamaika, ardhi ya kuvamia ni ile ambayo maskini wamejenga vibanda bila hati, na serikali huwaita wavamizi. Yeye anaigeuza: Jamaika nzima imevamiwa, Marekani nayo imevamiwa, wenyeji walinyang'anywa na sisi tukaletwa. Nani basi ana hati? Wazo la zamani la kurudi Afrika linapata mlango mpya hapo. Anaomba arudishwe kwao kwa sababu hata nyumba anayokaa ameshaishuku. Mtu yeyote aliyewahi kuona tingatinga likiingia mtaani asubuhi hahitaji tafsiri.

Kijana huyohuyo, mtoto wa mwimbaji Chronicle, ndiye aliyeimba "Smile Jamaica", ambamo nchi ni msichana aliyechoka na anaombwa atabasamu. Mdundo wa wimbo huo ulitengenezwa na Silly Walks Discotheque, Wajerumani wa Hamburg. Kwenye rege mdundo, au ridimu kama wanavyoita, ni kitu kinachojitegemea: prodyuza anautengeneza mmoja, waimbaji wengi wanaupanda kila mmoja na maneno yake. Ndiyo maana utasikia wimbo mgeni na kuapa kwamba unaujua.

Halafu kuna shukrani. Wengi hupuuza hizi nyimbo za shukrani, husema ni nyepesi. "Toast" ya Koffee ni wimbo wa kushukuru. "Who Knows" ya Protoje akiwa na Chronixx, ya mwaka 2014, kiitikio chake kinafurahia tu kuwepo visiwani, huku beti zikitaja wenye njaa. Mimi naziona ni za siasa kuliko zinavyoonekana. Kijana wa Kingston anaambiwa na simu yake saa zote kwamba maisha yako Miami au London. Kumwambia ulipo pana thamani, bila kumdanganya kuhusu njaa, ni kumkatalia mtu biashara fulani.

Jambo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wanawake. Enzi za Bob, Rita Marley, Judy Mowatt na Marcia Griffiths, waimbaji waliotosha kila mmoja kusimama peke yake, wengi duniani waliwajua kama waitikiaji. Katika ibada ya Nyabinghi desturi ni kwamba wanaume ndio hupiga ngoma. Kumbukeni sasa nilichowaambia kuhusu Kigezi: roho yenyewe ilikuwa ya kike na aliyeinua watu vitani alikuwa mwanamke! Ngoma ilivuka bahari, mwenyewe akaachwa mlangoni. Kwa hiyo Jah9 anaposimama mbele ya bendi, akiimba kuhusu mwili wake, pumzi yake, na mwanamume anayejidai mfalme bila kuwa na adabu, sioni mgeni aliyepenya. Jah9 hufundisha pia yoga kwa muziki wa dabu, na wapo wanaomcheka kwa hilo. Lakini msikilizeni: afya, chakula, akili kutulia, haya kwake ni sehemu ya ukombozi. Nyuma yake wako Lila Iké, Hempress Sativa, na Koffee mwenyewe.

Sitaki mtoke hapa mkidhani ni sifa tupu. Lawama ya kwanza wanayopewa ni ya tabaka: kwamba hawa ni watoto wa shule nzuri. Mama yake Protoje, Lorna Bennett, aliimba "Breakfast in Bed" mwaka 1972, kisha akawa mwanasheria. Lawama hii mimi hainisumbui. Ya pili ni nzito zaidi: mitaani Kingston kwenyewe kinachotikisa ni dansiholi, na rege ya mizizi hula sana kwa matamasha ya Ulaya, ambako msikilizaji mara nyingi si yule aliyeimbiwa. Hiyo ni kweli, na inaonekana hata kwenye sauti: baadhi ya albamu zimesafishwa mno, hazina vumbi. Ninapotaka vumbi naenda visiwa vingine, St. Croix, kwa bendi ya Midnite ya marehemu Vaughn Benjamin, aliyefariki Novemba 2019. Nyimbo ndefu, nzito, maneno yamejaa kama Torati. Si za kuchezea.

Kuna mtu mmoja asiyeimba ambaye siwezi kumruka, kwa kuwa alitembea kati ya dunia hizi mbili: Walter Rodney, Mguyana. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1966 na 1967, akahamia Chuo Kikuu cha West Indies, Jamaika. Kule hakubaki darasani. Alikwenda kukaa na Marasta na maskini wa Kingston, kwenye majaa na viwanja vyao, akiwasimulia historia ya Afrika na kusikiliza yao. Serikali ikaogopa. Oktoba 1968, akirudi kutoka mkutano Kanada, akazuiwa kushuka kwenye ndege, na Kingston ikalipuka kwa maandamano. Mwaka uliofuata alikuwa Dar tena, akafundisha hadi 1974. Vijana wa sasa wa rege wanapotaja Afrika yenye vyuo, wafalme na hesabu zake, wanatumia mtaji ambao watu kama Rodney waliuweka.

Nimesema mengi. Kulikuwa na maswali.

Mama mmoja aliuliza, kwa upole lakini bila kuzunguka: "Mwanangu, mbona bangi hujaigusa? Hawa si ndiyo muziki wao?"

Mama, nimeigusa kwa mbali. Jamaika, tangu Aprili 2015, mtu akikutwa nayo chini ya wakia mbili hupewa faini kama ya barabarani, hapelekwi jela. Kukawa na leseni, na wenye mitaji wakaingia. Rasta aliyefungwa miaka kwa shamba dogo anaona mwenye suti akiliuza jani lilelile kwa risiti. Kwa hiyo nyimbo za bangi za sasa, zile nzuri, ni nyimbo za nani anafaidi. Huku kwetu sheria ni nyingine, na sitamwambia mtoto wa mtu avute kwa sababu Chronixx kaimba. Ila kumwona kila mwenye rasta kuwa mvutaji ni uvivu wa macho. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Urasta ni dini na kwamba mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake arudishwe darasani. Hiyo kesi ilihusu nywele na imani. Bangi haikuwemo.

Kijana wa kule kwenye spika akauliza: "Mzee, sisi tunapiga rege hapahapa. Kwa nini tukiimba Kiswahili watu wanasema si rege ya kweli?"

Wanaosema hivyo hawamjui marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba, ambaye rege yake ya Kiswahili iliimbwa na watu wasiojua hata neno moja la patwa, lugha ya mitaani ya Jamaika. Hawamjui Jhikoman wa Bagamoyo. Hawajamsikiliza Ras Inno Nganyagwa. Mkitaka kuimba, imbeni lugha mnayoota nayo. Ila nawaomba jambo moja la ufundi: mpigaji wenu wa dramu, nilimsikia wakati mnajaribu vyombo, anaijaza ile moja. Anaiogopa ikiwa tupu. Mkae naye wiki hii, mwanzeni na dramu na besi tu, gita libaki kwenye begi mpaka wawili hao waelewane.